Nyumba Yako, Maji Yangu

Mahali pa jagi palikuwa nyuma ya kigoda, chini sakafuni, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini pawe hapo. Msusi aliwakuta waliomfundisha kazi wakiliweka hapo, naye akaliweka hapo hapo. Ukimaliza kusuka rasta ndefu za kufika kiunoni, ncha zake hazitulii, zinasimama kama ufagio uliochakaa. Basi unachemsha maji, unayamimina kwenye jagi, unazikusanya ncha zote fungu moja, unazibana kwa mpira, unazitumbukiza humo na kuziacha zinywe moto. Zikitoka zimelainika na kushikana, hata mteja alale akigaragara hazifumuki. Wakati huo mteja amekaa kwenye kigoda, nywele zinaning'inia mgongoni, jagi liko chini nyuma yake. Yeye anapiga soga. Msusi ananyoosha vidole.

Sasa wewe unayesoma, iangalie hiyo picha vizuri. Zile nywele ni kamba. Upande mmoja zimefungwa kwenye kichwa cha mtu, upande wa pili zimefungwa fungu moja ndani ya maji yaliyotoka kuchemka. Na mtu huyo anaweza kusimama wakati wowote.

Siku ile aliyekuwa kwenye kigoda ni mwenye nyumba. Huyu mama alikuwa na nyumba ya mbele, kubwa, na nyuma yake vyumba vya wapangaji vimezunguka ua mmoja. Msusi alipanga viwili: cha ndani wanalala, cha mbele anasukia. Humo alikuwa na mumewe, fundi seremala, mama mkwe wake, na binti yao mdogo aliyekuwa hajaanza shule. Mtoto huyo walimwita Chiriku kwa sababu akiamka anaongea, akila anaongea, akikatazwa kuongea anauliza kwa nini.

Mwenye nyumba alikuwa na simu mbili. Moja ya wapangaji, ambayo ikilia aliitazama kwanza kama vile imemtukana. Nyingine ya watoto wake walio mbali, hiyo hakuikosa hata akiwa bafuni. Ile ya watoto aliiweka dirishani kwenye chaji. Ncha zake zilikuwa tayari kwenye jagi, anamweleza msusi habari za mkwe fulani asiyejua kupokea wageni. Nyuma ya jagi Chiriku alikaa chini, anaokota mabaki ya rasta amtengenezee mwanasesere wake nywele.

Simu ikalia. Mwenye nyumba akainuka.

Hakuwa na ubaya wowote moyoni, hilo tuseme. Aliinuka kama mtu yeyote anavyoinuka. Lakini fungu la nywele lililobanwa kwa mpira, lililokunywa maji likawa zito, lilinasa ukingo wa mbele wa jagi na kuuinua. Jagi likapinduka kwa nyuma. Chiriku hakulia mara moja. Kulikuwa na ukimya mfupi, mtoto amefungua mdomo na sauti haijafika, na ukimya huo ndio uliomrusha msusi kutoka alipokuwa.

Alimvua gauni palepale, kwa sababu nguo iliyolowa maji ya moto inaendelea kuunguza, akambeba mkono wa juu na bega vikiwa vimeiva wekundu, akatoka naye mbio mpaka kwenye pipa la maji uani. Akachota kwa kopo, akamwagia. Akachota tena.

"We mwanamke, una wazimu?" Mama mkwe alitoka nyuma yake na dawa ya meno mkononi, kifuniko kimeshafunguliwa. "Usimmwagie maji! Utampandisha malengelenge! Mpake hii, itamtoa moto!"

"Mama, nipishe."

"Nimelea watoto mimi, nikalea na wajukuu!"

"Unga wa ngano!" Mwenye nyumba alikuwa mlangoni, mkia wa nywele unamchuruzika mgongoni. "Leteni unga, au ute wa yai! Jamani, hamna yai humu?"

"Mafuta ya kupikia ndiyo dawa," mpangaji wa chumba cha pembeni akasema, naye kashika chupa. Kila mtu alitokea na dawa yake kama watu wa sokoni, na kila mmoja alikuwa anaona ya mwenzake ndiyo itakayomwua mtoto.

Msusi hakuwa na elimu ya kushindana nao. Alichokuwa nacho ni kicheko. Siku moja kliniki, watoto wanapimwa uzito, nesi alikuwa anawaeleza akina mama kwamba dawa ya aliyeungua ni maji ya kawaida tu, safi, yanayotiririka, dakika ishirini nzima bila kuchoka. Mama mmoja nyuma akauliza, "Na dawa ya meno je?" Nesi akamjibu, "Mtoto ameungua meno?" Foleni nzima ilikufa kwa kucheka, na ndiyo maana msusi hakusahau.

"Mama," alimwambia mama mkwe, kopo halisimami, "hiyo ni dawa ya meno. Mjukuu wako ameungua meno?"

Tangu msusi aolewe hajawahi kumjibu mama mkwe hivyo.

"Basi hata barafu basi!" mpangaji akaomba.

"Barafu nayo inaunguza. Niacheni."

"Unamaliza maji!" Mwenye nyumba sasa alikuwa amelitazama pipa. Bomba la ua ule lilitoa maji likijisikia, na pipa lile ndilo walilokuwa wakilitegemea wote. "Maji ya ua mzima hayo! Watu watapikia nini?"

"Yaishe!" Msusi alipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. "Yaishe yote! Yakiisha nitaingia kwako nichukue ya kwenye tangi!"

Alimwagia mpaka mikono yake mwenyewe ikafa ganzi, mtoto anatetemeka, mama mkwe hatimaye akaileta shuka akamfunika miguu na tumbo asipate baridi, dawa ya meno bado iko kwenye ngumi ya mkono wa pili. Kisha wakafunika palipoungua kwa kitambaa safi kilichokuwa kimepigwa pasi, bila kukaza, bila kupaka kitu, wakaenda hospitali.

Nesi wa zamu aliuliza, "Mlimpaka nini?"

"Maji tu."

Nesi akashusha pumzi. "Afadhali. Ungesikia wanavyolia tunapowakwangua dawa ya meno."

Mama mkwe alikuwa amesimama hapo. Akautumbukiza mkono wake kwenye mkoba, akaikamua ile dawa ya meno iliyokuwa ndani mpaka ikavuja kwenye leso yake.

Walikaa wodini mpaka msusi akawajua wafagiaji kwa sauti za viatu vyao. Na wodi ile, ndugu yangu, ilikuwa ajali za jikoni tupu. Kitanda cha dirishani mtoto alivuta waya wa birika la umeme lililoning'inizwa mezani. Cha pili yake alivuta kitambaa cha meza, kikaja na supu. Kulikuwa na aliyekalia beseni la kuogea kwa sababu mama yake alitangulia kumimina maji ya moto, akageuka kufuata ya baridi. Angetangulia ya baridi wala wasingekuwepo pale. Mwingine aliangukia jiko lililokuwa chini mlangoni, mwingine alikumbatia pasi iliyoachwa ipoe sakafuni. Hakuna hata mmoja aliyeungulia mbali. Wote waliungulia nyumbani, mama zao wakiwa karibu kiasi cha kusikia, na kila mama alisema neno moja lilelile: nimegeuka tu.

Chiriku alipona. Sehemu kubwa ya ngozi ilirudi, ila juu ya mkono hadi begani palibaki kovu, linang'aa, limevutana kidogo kama kitambaa kilichoshonwa kwa haraka. Kisichorudi ni maneno. Alikuwa akijibu akiulizwa, basi. Na birika likianza kuunguruma alikuwa anaingia chini ya kitanda na mwanasesere wake aliyebaki na upara nusu.

Uani maneno yalikuwa yameshapangwa kabla hawajarudi. Mwenye nyumba alikuwa akiwaambia watu, "Mtoto anakaaje nyuma ya jagi? Mimi kichwa changu hakina macho kisogoni." Na watu waliitikia, kwa kuwa ni mwenye nyumba, na kwa kuwa kweli hakuna mwenye macho kisogoni. Wengine walimshauri msusi amvalishe mtoto mikono mirefu, kovu la mtoto wa kike si la kuonyesha.

"Juani namfunika, ndivyo walivyosema hospitali," msusi aliwajibu. "Ndani anavaa anachotaka. Hajaiba kitu, wa kumficha ni nani?"

"Basi acha kazi ya kusuka," mama mkwe alimwambia kwa upole siku moja wanachambua mboga. "Moyo wako wenyewe ukisikia birika unaruka. Nakuona."

"Sitaacha kusuka, Mama. Jagi ndilo litaacha."

Alilitoa lile jagi, la plastiki, la kijani, akalipeleka mpaka kwenye jalala la mtaa mchana kweupe, akipita mbele ya mlango wa msusi mwenzake wa ng'ambo ya barabara, makusudi. Kisha akaenda karakana kwa mumewe.

"Nataka meza," alisema. "Ndefu kunizidi kiuno. Katikati ikate tundu la duara."

Seremala akaweka penseli sikioni. "Meza yenye tundu?"

"Tundu la kuingia beseni langu zito. Lizame, lishikwe na mdomo wake, lisiende mbele wala nyuma hata ng'ombe akiligonga."

Mafundi wenzake walimcheka mume wiki nzima. Walimwuliza kama mkewe ameamua kujisaidia akiwa juu ya meza. Yeye aliranda tu mbao zake. Yeye ndiye aliyemshika mtoto miguu siku za kubadilisha bendeji, hakuwa na nafasi ya kucheka. Alikata tundu, akalijaribu beseni, akapiga msasa, akalijaribu tena. Kwa hiari yake akaongeza kikapu cha mbao nyuma ya meza cha kuwekea birika, waya wake ukajikunja ndani, usiwe na pa kuning'inia. Na mlango wa chumba cha kusukia akautia komeo kwa juu, mkono wa mtoto usipofika.

Kazi ikaanza upya, na masharti. Kusuka ni kigoda kama zamani. Kuchovya ni kwenye kiti kirefu, mgongo kwenye meza, taulo nene mabegani mpaka kiunoni. Nywele hazibanwi tena kwa mpira na kuachwa. Msusi anazishika mwenyewe, fungu dogo dogo, anachovya, anakausha kwa taulo, anaweka, ili mteja akishtuka nywele zitoke peke yake na maji yabaki yalipo. Watoto wote nje. Mlango komeo. Simu nje.

"Simu nje?" aliuliza mwuza mitumba, mteja wake wa siku nyingi, mdomo haujui likizo. "Mama Chiriku, tumekuja kusukwa au tumekuja kufungwa?"

"Kufungwa kwa muda."

"Mume wangu akipiga?"

"Huyo si ulisema hakupigii?"

Wateja wakacheka, lakini wengine walicheka wakienda zao. Ng'ambo ya barabara jagi lilikuwa bado chini nyuma ya kigoda, na huko hakukuwa na masharti. Kulikuwa na siku msusi alikaa mlangoni na chanuo mkononi, hakuna kichwa. Hakulegeza. Mama mkwe alisema kidogo, akaacha.

Basi ikafika harusi ya binti wa mwenye nyumba.

Muda wote huo mwenye nyumba alikuwa akisukwa ng'ambo. Lakini kwa harusi ya mwanawe wa pekee wa kike alitaka rasta nyembamba, zile ambazo mkono wa msusi peke yake ndio ulioziweza. Alikuja mapema, siku moja kabla ya sherehe, na mjukuu wake mdogo anayeanza kutembea, na simu yake mkononi, akaketi kwenye kigoda kama vile hakuwahi kuondoka. Akasukwa asubuhi nzima na sehemu ya mchana. Maneno yalikuwa mengi na mazuri: maua, keki, viti vya kukodi, bwana harusi mrefu kupita kiasi. Mwuza mitumba alikuwepo akisubiri zamu yake. Mjukuu alizunguka chumba akilamba kifuniko cha mafuta ya nywele. Chiriku alikaa mlangoni kimya.

Zikabaki ncha. Msusi akafuta mikono.

"Sasa tunahamia kwenye kiti kile, Mama Mwenye Nyumba. Mjukuu atoke na bibi yake Chiriku, simu nipe niiweke nje, na mlango nafunga."

Mwenye nyumba alicheka. Alipoona hakuna mwenzake wa kucheka naye, akageuka. "Hayo niliyasikia, nikadhani ni ya wateja."

"Ni ya maji. Hayachagui."

"Mimi nimekaa vizuri hapa. Mtoto nitampakata. Simu ya wapishi inaingia saa yoyote, keki haijafika. Leta jagi lako tumalize."

"Jagi nilitupa."

"Tumia ndoo."

"Hapana."

Neno hilo lilikaa katikati ya chumba kama mgeni asiyealikwa. Mwuza mitumba aliacha kutafuna.

"Mama Chiriku." Mwenye nyumba sasa aliongea polepole. "Hii nyumba ni yangu. Hiki chumba changu. Huo mlango nilinunua mimi, mbao zake nilichagua mimi. Halafu unifungie mimi, ndani, kama mbuzi?"

Msusi aliiona picha yote: vyombo uani, kitanda kimefunguliwa, meza yenye tundu juu ya mkokoteni. Mama mkwe alimkaribia, akamnong'oneza sikioni, "Mwanangu, mara moja tu. Huyu ana nyumba."

"Mara moja ndiyo iliyomuunguza, Mama," alijibu kwa sauti, kila mtu asikie. Kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Nyumba ni yako. Sijakataa. Maji ni yangu."

"Basi mwisho wa mwezi utayachemshia kwingine."

"Sawa. Lakini leo hapa hayachemki." Akachomoa waya wa birika, akaukunja, akauweka kwenye kikapu chake. Akalikunja na taulo. Akaendelea kukunja, mpaka taulo likawa dogo kama kitabu.

Mwenye nyumba alitoka uani ncha zimemsimama pande zote. Walimsikia akimpigia msusi wa ng'ambo. Walimsikia akirudia, "Mpaka kesho? Kesho ndiyo harusi, wewe!" Huko nako kulikuwa kumejaa, jamaa nzima ya bwana harusi walikuwa kwenye foleni.

"Amekwama," mwuza mitumba akanong'ona. "Ataozesha akiwa na kichwa cha nungunungu."

"Nyamaza, na wewe," mama mkwe akasema, lakini pembe ya mdomo wake ilicheza.

Katika kupigiwa na kupiga, hakuna aliyemwangalia mjukuu. Alikuwa amefika kwenye meza. Alikuwa amesimama kwa vidole, mkono mmoja umeshika mguu wa meza, wa pili unapapasa hewani kutafuta lililoko juu. Birika lilikuwa limechemka mapema kidogo na bado lilikuwa na moto wake ndani ya kikapu.

Msusi alikuwa ameshanyanyua mguu. Chiriku alimtangulia. Alimshika mjukuu kwa kiuno, akamvuta, wakaanguka chini wote wawili.

"Toka hapo!" alisema. "Pana moto hapo. Wewe, hujui? Moto haulii kwanza. Ona." Akavuta mkono wa gauni lake, akamwonyesha bega. "Ona! Gusa. Haiumi sasa hivi. Ile siku iliuma sana, mama akamaliza maji yote ya pipa, na bibi alikuwa na dawa ya meno, na mimi nililala hospitali kwenye kitanda kina magurudumu, na kuna mtoto alikuwa na bendeji mpaka usoni kwa sababu ya supu."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu atoke wodini. Mjukuu aligusa kovu kwa kidole chenye mafuta ya nywele, akacheka.

Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, simu iko sikioni lakini haongei. Miezi yote ile kovu alilisikia tu, na kulieleza kwa watu. Kuliangalia hakuwahi. Mtoto alipopita uani, yeye alikuwa akitazama bomba, akitazama kamba za nguo, akitazama angani. Sasa aliliangalia lote, kuanzia begani mpaka lilipoishia, na kidole cha mjukuu wake kiko juu yake.

"Alo? Alo?" sauti ilikuwa ikiita kwenye simu. Aliikata.

"Fungeni mlango," alisema. Kisha akaona wanamtazama. "Msinikodolee macho. Nina harusi mimi."

Akampa mama mkwe simu. Mama mkwe akambeba mjukuu, akamshika Chiriku mkono, wakatoka. Komeo likapanda. Msusi akachemsha, akamimina, mvuke ukapanda kwenye dari, na moyo wake ukaruka vilevile unavyoruka kila siku. Alishazoea kufanya kazi nao ukiruka. Akamtandika mwenye nyumba taulo kama anamvisha koti. Fungu la kwanza. La pili. Kimya, mwuza mitumba tu anavuta pumzi.

Kikaanza kulia kitu. Hakikuwa nje. Kilikuwa ndani, kwenye kifua cha mwenye nyumba.

Ile simu ya wapangaji! Alikuwa ameisunda kwenye sidiria, na wapishi, wakikosa ile ya kwanza, walipiga hiyo. Mwenye nyumba akaruka kutoka kwenye kiti kama aliyeumwa na siafu. Fungu likatoka mkononi mwa msusi, likatoka kwenye maji, likampiga kwenye taulo, matone yakaruka sakafuni.

Beseni halikutikisika. Lilikaa kwenye tundu lake, maji yakacheza kidogo ukingoni, yakatulia.

Wote watatu walikuwa wanaangalia ile sehemu ya sakafu nyuma ya meza, ambapo hapakuwa na mtu.

"Toa," msusi akasema.

Mwenye nyumba aliingiza mkono kifuani, akaitoa simu, bado inalia, akampa bila kumtazama. Msusi akafungua mlango kiasi cha kupitisha mkono. Upande wa pili kulikuwa na mkono mdogo tayari unasubiri.

"Kaa chini, Mama Mwenye Nyumba," msusi alisema, akafunga. "Bado mafungu mengi."

Mwenye nyumba akakaa. Akajirekebisha taulo mwenyewe mabegani, akalivuta mpaka chini. "Kiti chenu kigumu hiki," alilalamika. "Mwambie mumeo akiwekee mto. Mwezi ujao nikija nikute mto."

Msusi alichukua fungu jingine. Nje ya mlango, sauti ya Chiriku ilikuwa inasikika uani kote, inampigia kelele mpishi kwenye simu:

"Hawezi kuongea! Yuko kwenye maji ya moto! Hapana, haungui, amekaa. Wewe nani? Keki ya rangi gani? Mna mtoto hapo jikoni kwenu? Mtoeni nje kwanza, halafu mpige tena!"